Umri Ulio Kwenye Kadi

Kamuli, Kyerwa
3 Machi 2025

Daktari Adela, mwanangu,

Marahaba. Najua umeniamkia huko Kayanga hata kama sijasikia.

Mimi Anastazi Rwegoshora nina miaka themanini na mitatu. Nimeishi miaka mingi kuliko baba yangu, nimezika wake wawili, na ng'ombe sikumbuki wangapi. Nimepita vita vya Kagera, mabomu yakipita juu mimi napalilia. Nimepita ule ugonjwa wa miaka ya themanini uliofunga milango ya nyumba nzima nzima. Mnyauko umekausha migomba ya watu, yangu ikasimama. Tetemeko la juzi juzi liliangusha jiko nami nikiwa ndani, nikatoka na sufuria ya maharage na haikumwagika. Muulize yeyote Kamuli.

Ulituagiza wazee wote kumi na wawili wa kundi lako tuandike barua kila mwezi kwa mkono wetu wenyewe, uone kama mkono unatetemeka na akili inatembea. Basi angalia. Nilisoma mpaka darasa la nne, na darasa la nne la wakati ule si la mchezo.

Sasa shida yangu. Umetuweka wote ngazi ya kwanza. Kula mchana tu, kuchuchumaa na kusimama mara ishirini asubuhi, kuvaa hii saa inayohesabu moyo. Daktari, hiyo ni kazi ya bibi harusi. Mimi nipandishe ngazi ya pili, ile ya dawa na ya kushinda njaa siku mbili kwa wiki. Mwili wangu unaitaka.

Wa kubaki huko chini ni huyu rafiki yangu Telesfori, mwenye miaka sabini na minane. Jana kaja kibanjani kwangu, kwenye migomba, kanipa shikamoo yangu kama anavyonipa tangu mwaka sitini na nane tulipokutana kwenye migodi ya bati. Halafu akaniambia, "Mzee, sasa wote hatuna meno. Hii shikamoo tungeiacha." Nikamwambia, "Miaka mitano ni miaka mitano. Meno hayahusiki." Akacheka, akanipisha kwenye kiti.

Ni mimi,
Anastazi Rwegoshora


Kayanga
11 Machi 2025

Mzee wangu Anastazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili na mkono wako haujatetemeka hata kidogo. Naandika kwa herufi kubwa ili macho yako yasichoke.

Kabla hujafurahi nikukumbushe kitu. Mradi huu haurudishi ujana kwa mtu. Tunauchokoza mwili kidogo, kwa njaa ya kupimwa, kwa mzigo wa kupimwa na kwa dawa ya kupimwa, ili ujijenge upya pale unapoweza, misuli irudi na damu isafishike. Ukichokozwa bila kipimo unavunjika. Ndiyo maana muuguzi anakuja kila Jumamosi, na ndiyo maana kila jambo lazima lipite kwenye bodi ya madaktari Bukoba.

Bodi imekubali upande ngazi ya pili. Sababu ni umri wako. Wewe ndiye mkubwa kuliko wote katika kundi, kadi yako ya ubatizo inasema 1942. Ukiivuka ngazi hii salama, utakuwa kipimo cha wenzako, na wale waliopita sabini na tano tutawapandisha nyuma yako.

Kwa hiyo nakuomba, usinifiche chochote. Hata kizunguzungu kidogo, hata kama ni aibu.

Wako,
Dkt. Adela


Kamuli
22 Aprili 2025

Daktari mwanangu,

Marahaba.

Wiki sita zimekwisha. Jumanne na Ijumaa nakunywa maji na kahawa isiyo na sukari mpaka kesho yake asubuhi. Vidonge nameza. Ule mfuko wa mchanga wa kilo kumi naupandisha na kuushusha mpaka kuku wananishangaa. Kizunguzungu sijui kinafananaje. Muuguzi wako alinipima Jumamosi, akapima tena, akasema mashine labda imeharibika. Nikamwambia mashine nzima, aliyezoea wagonjwa ni yeye.

Ijumaa nilipita sokoni Nkwenda na njaa yangu, nikabeba mkungu kutoka gulioni mpaka kwenye gari la mnunuzi. Wanywaji wa rubisi, ile pombe ya ndizi, wakanyanyuka kutazama. Mmoja akasema, "Mzee wa themanini na tatu huyo!" Telesfori alikuwepo. Baadaye njiani akaniuliza, "Hivi vidonge vina ladha gani?"

"Chungu."

"Na njaa?"

"Njaa gani?"

Akatembea kidogo, halafu akasema, "Kama mkubwa wangu anaweza, mimi nani nishindwe?"

Mwandike kwenye daftari lako kwamba anaitaka ngazi ya pili. Ila wa kwanza nilikuwa mimi.

Anastazi Rwegoshora


Kayanga
12 Mei 2025

Mzee wangu,

Shikamoo, na hongera.

Majibu ya damu yako yamerudi. Kuna kipimo kinachoangalia chembe za mwili na kusema zimechakaa kiasi gani, tunakiita umri wa mwili. Mtu wa miaka themanini na mitatu hutegemewa awe karibu na hapo. Wewe umetoka sabini na mbili. Nilidhani wamechanganya chupa, nikaomba warudie. Wamerudia. Sabini na mbili.

Miaka kumi na moja, Mzee Anastazi! Tangu nianze kazi hii sijaona kitu kama hicho. Bodi imesoma na imeshangaa kama mimi. Mwezi wa saba watakuja wageni, nitawaomba uwasalimie.

Kubwa zaidi ni kwamba kwa ajili yako wameniruhusu. Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Juni, Telesfori na wazee wengine wawili wanapanda ngazi ya pili, kwa kiwango kile kile ulichopewa wewe. Hoja yangu kwa bodi ilikuwa fupi, kwamba kama wa themanini na tatu ameivuka hivi, wa sabini na minane ataivuka.

Telesfori amefurahi sana. Anasema atakufikia.

Dkt. Adela


Kamuli
14 Mei 2025

Dada Anatolia, huko Mabira,

Shikamoo dada. Sijakuandikia tangu msiba wa shemeji, na simu sitaki, ili jambo hili lisisikiwe na watu wa nyumbani kwako. Ukimaliza kusoma tia jikoni.

Dada, mimi nimezaliwa lini hasa? Usinijibu haraka. Kaa ukumbuke. Maana mimi nahesabu mwaka hamsini na mbili, lakini watu wa zamani hawakuandika, labda mama alikosea. Labda nilizaliwa arobaini na nane. Hata arobaini na tisa ingenisaidia.

Kuna daktari hapa anatupima uzee. Amepima damu yangu akakuta sabini na mbili, akaruka kwa furaha, maana kwenye kadi mimi ni themanini na tatu. Nami siku ya kwanza niliruka naye. Nilimwonyesha barua mwenye duka, nilimwonyesha katekista. Siku ya pili nikakaa nikahesabu kwa vidole. Toka hamsini na mbili mpaka leo ni sabini na tatu. Yaani dada, dawa haijafanya kitu. Damu imesema tu ukweli, au imepungukiwa na mwaka mmoja.

Sasa kwa sababu yangu wanataka kumpa Telesfori dawa ile na njaa ile. Wanasema kama mkubwa ameweza. Na mkubwa ni yeye.

Unamkumbuka Telesfori wa migodini. Nilifika pale nina miaka kumi na sita na kadi ya marehemu, yeye ana ishirini na mmoja, akanipa shikamoo siku ya kwanza mbele ya watu. Nikasema marahaba. Nitaanzia wapi leo?

Kumbuka vizuri. Nasubiri.

Mdogo wako


Mabira
21 Mei 2025

Mdogo wangu Leonidas,

Marahaba. Nakuita jina lako kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kukuita.

Barua sikuitia jikoni. Nimeikunja nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Umezaliwa mwaka hamsini na mbili, mwezi wa maharage, nami nilikuwa na miaka saba. Nilikubeba mgongoni mpaka mgongo ukapata upele wa mkojo wako. Anastazi alikufa wewe una miaka miwili. Alikuwa na kumi na miwili, alilalamika kichwa Jumapili na Jumatano tukamzika. Hakuna cha arobaini na nane. Usinitafutie miaka ambayo mama hakuzaa.

Kadi ni mimi niliyeitoa kwenye kikapu cha mama nikakupa, kwa hiyo sikutupii wewe peke yako. Migodini walitaka watu wazima, nyumbani hapakuwa na chumvi. Mama alipojua alilia, halafu akasema mwacheni atembee na jina la kaka yake, angalau litarudi nyumbani na chumvi. Lilirudi. Lakini mama hakukwambia uchukue na shikamoo za watu.

Unaniuliza utaanzia wapi. Anza na daktari. Yule anapima dawa kwa kutumia uongo wako. Telesfori akifa utampelekea nini kaburini, kadi?

Umekuwa ukijisifu tangu hujaota meno. Jisifu basi na hili, kwamba umesema.

Dada yako,
Anatolia


Kamuli
27 Mei 2025

Daktari,

Marahaba.

Kuna neno nataka kukwambia kuhusu Telesfori. Usimpandishe ngazi.

Ni hivi. Telesfori anakunywa. Ukimwona hivi utafikiri mtu wa kanisani tu, lakini rubisi haimpiti. Mtu wa namna hiyo hafai kwa dawa yako. Na magoti yake nayo mabaya. Tena ni msahaulifu, vidonge atameza mara mbili. Mimi ni mkubwa wake, namjua.

Na hao wawili wengine nao waache kidogo. Kwa nini haraka? Uzee haukimbii.

Kama lazima umjaribishe mtu, nijaribishe mimi tena. Niongezee. Nipe siku tatu za njaa.

Barua hii naipeleka mwenyewe Nkwenda niiweke kwenye basi la asubuhi ikufikie kesho.

Anastazi


Kayanga
30 Mei 2025

Mzee Anastazi,

Shikamoo. Imefika, na nimeifanyia kazi siku hiyo hiyo kwa sababu ulivyoandika ulinitia hofu.

Telesfori amepimwa ini, figo, sukari na moyo. Ini lake halionyeshi mnywaji. Magoti yake ni mazuri kuliko yako. Kwenye jaribio la kumbukumbu alikupita kwa maneno matatu, samahani kukwambia.

Nilimuuliza kwa upole kama kuna tatizo kati yenu. Akacheka mpaka akafuta machozi. Amesema, "Mzee wangu anataka abaki kijana peke yake. Mwache, nampenda hivyo hivyo." Hakukasirika.

Mzee wangu, kusema kweli mimi nimekasirika kidogo. Nimekuheshimu tangu siku ya kwanza, na sikutegemea wivu kwako. Kama kuna sababu nyingine uliyoificha nyuma ya hizi, uilete kabla ya Jumatatu. Isipokuja, tunaanza.

Dkt. Adela


Kayanga
14 Juni 2025

Mzee Anastazi,

Barua hii anakuletea mwendesha bodaboda, naomba uisome akiwa hapo.

Telesfori alianguka jana Ijumaa saa tisa alasiri, kibanjani kwake. Sukari ilishuka mno. Ameanguka kwenye jiwe la kusagia, nyonga imevunjika. Yuko wodini hapa Kayanga, anaongea, lakini moyo wake unaruka mapigo na hatuwezi kumpasua mpaka utulie.

Binti yake anasema baba yake alianza kuona kizunguzungu tangu Jumanne ya kwanza. Alimkataza asituambie. Alisema, "Mkubwa wangu hakuona kizunguzungu, nitasemaje mimi?" Kwenye daftari la muuguzi aliandikisha kwamba yuko salama.

Wale wawili nimewasimamisha. Bodi inakaa Jumatatu tarehe 23. Mjumbe mmoja anasema aliyeanguka ni Telesfori peke yake, kwamba matokeo yako yanaonyesha kiwango ni salama, na kazi iendelee. Sijalala vizuri. Nimekagua hesabu zangu zote na sioni nilipokosea. Kama unajua kitu, chochote, nakuomba kama ninavyomwomba baba yangu.

Adela


Kamuli
18 Juni 2025

Daktari Adela,

Leo usiniamkie kwanza. Soma.

Hesabu zako hazikukosea. Aliyekosea ni mimi, tangu mwaka sitini na nane.

Mimi si Anastazi. Anastazi ni kaka yangu, alikufa na miaka kumi na miwili. Kadi uliyoipiga nakala ni yake. Mimi naitwa Leonidas, nimezaliwa elfu moja mia tisa hamsini na mbili. Nilichukua kadi ili nipate kazi migodini, nikaona nikiirudisha nitafukuzwa, halafu nikaona nikiirudisha nitachekwa, halafu nikazoea. Nilipohamia Kamuli nilikuja na jina hilo na umri huo. Watu waliniachia kiti. Kwenye rubisi nilionja wa kwanza. Mtu akizoea kuonja wa kwanza, daktari, ni vigumu kusema apewe mwingine.

Kwa hiyo ile sabini na mbili si muujiza wako. Nina sabini na tatu. Nilibeba mkungu ule kwa sababu ni mtu wa sabini na tatu mwenye mifupa mizuri, basi. Ngazi ya pili hujaijaribu kwa mzee wa themanini hata mmoja. Waambie hivyo bodi Jumatatu, wasiendelee na wale wawili. Barua ya mwezi wa tano niliyosema Telesfori mlevi ilikuwa uongo. Nilitaka kumtoa bila kujitoa mimi. Ungeniamini ningeshukuru, na angebaki mzima, na mimi ningebaki mkubwa. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Jana nilikuja Kayanga. Nilikuulizia, wakasema uko Bukoba. Labda ni bora. Maneno ya mdomo nayajua, nimeyatumia miaka hamsini na saba, yanafutika. Haya ya karatasi wasomee wote.

Nilimkuta Telesfori amelazwa chali, mguu umefungwa kwa uzito. Aliponiona akajaribu kunyanyua kichwa. Akaanza, kama kwetu mtu anavyomwita mkubwa wake, "Waitu, shika..."

Nikamwambia, "Nyamaza. Leo usianze wewe."

Nikashika chuma cha kitanda, nikainama. Nikasema, "Shikamoo."

Akacheka ingawa kucheka kulimuuma. "Mzee, zile dawa zimekupanda kichwani?"

Nikarudia. "Shikamoo, Telesfori."

Kicheko kikaisha. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sikukaa. Nilipomaliza aliangalia dari.

"Pale mgodini nilikuwa nakubebea maji," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ulikuwa mkubwa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na siku ya harusi yangu ulikaa kwenye kiti cha kaka yangu."

Hilo nilikuwa nimelisahau, daktari. Nilikaa, kweli. Kaka yake mwenyewe alisimama.

Nikamwambia, "Hizi wiki mbili ulikuwa unaona kizunguzungu ukafikiri wewe dhaifu kuliko mimi. Si kweli. Wewe ndiye mzee. Ungekula."

Nikasema shikamoo mara ya tatu. Akageuza uso ukutani. Muuguzi akaja akasema moyo wake unakwenda mbio, nitoke. Nikatoka. Nilikaa nje kwenye ukuta wa maua mpaka basi la jioni, nikifikiri labda ataniita.

Vidonge vilivyobaki nimevifunga ndani ya bahasha hii pamoja na saa. Kadi nimempelekea dada yangu. Kama kuna kesi ya kudanganya madaktari, nitakuja mwenyewe, msihangaike na gari.

Moyo wake ukitulia mkampasua, nitumie neno. Andika kwa jina langu hili la chini. Hapa hawalijui bado, lakini Jumapili baada ya ibada nitasimama nilitaje, mwenye bodaboda atanipata.

Usiniamini kwa neno langu. Mashahidi ni hawa. Dada yangu Anatolia, miaka themanini, yuko Mabira, alinibeba. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya kule, kwenye jina la Anastazi padri amechora msalaba wa kifo pembeni, mwaka hamsini na nne. Na wa tatu ni Telesfori. Muulize kama nimesema. Kuitikia bado hajaitikia, lakini alisikia.

Leonidas Rwegoshora
miaka sabini na mitatu